Kutafuta mabaki ya kijeshi kwenye mahame ya Uganda: mwongozo kwa anayeanza kutumia kigunduzi cha metali

Kila anaponiona na kigunduzi cha metali begani, mtu huniuliza mambo matatu: mashine hiyo inauzwa wapi, inaona hadi kina gani, na lile ganda la risasi aliloliokota nyuma ya nyumba ya babu yake ni la vita gani. Maswali mawili ya kwanza yana majibu mafupi. La tatu mara nyingi halijibiki tena, kwa sababu ganda limekwisha kutolewa mahali pake na aliyelitoa hakumbuki kama lilikuwa karibu na jiko au chini ya mwembe. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya yule ambaye bado hajachimba.

Ninazungumzia mahame, yaani makazi ya zamani yaliyohamwa, ambayo watu wa Bunyoro na Tooro huyaita matongo: nyumba imekwisha kuanguka, lakini miembe, miti ya mutuba na mawe ya mafiga bado yanaonyesha mahali watu walipoishi. Ninazungumzia pia vitu vidogo ambavyo askari alikwenda navyo nyumbani au alivipoteza akiwa njiani: vifungo vya sare, beji, bizimu za mikanda, maganda ya risasi, sarafu. Ngome zenyewe sizihesabu. Patiko karibu na Gulu, ambayo mvumbuzi Mwingereza Samuel Baker aliiimarisha mwaka 1872, na Dufile alikokaa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta, kando ya Nile, ni maeneo ya watafiti wenye kibali; ukikutwa humo na kigunduzi pamoja na jembe, maelezo yako hayatakusaidia.

Kwanza, hame lako ni la enzi ipi?

Enzi ndiyo inayoamua kama utachimba au utageuka urudi nyumbani. Kwa matumizi ya mwongozo huu nayagawa mahame katika mafungu matatu, ingawa hame moja linaweza kuwa na tabaka za mafungu yote.

Fungu la kwanza ni la karne ya 19, tangu magobori na bunduki za gumegume zilipopanda kutoka pwani zikibadilishwa kwa pembe za ndovu, hadi vita vya Mengo, makao makuu ya Buganda, vya Januari 1892 na mapambano ya Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na Waingereza, yaliyokwisha alipokamatwa pamoja na Mwanga wa Buganda mwezi Aprili 1899. Vitu vya fungu hili ni vichache na vina thamani kubwa kwa historia, kwa hiyo si vya kujifunzia kazi.

Fungu la pili ni la Keya, kama wazee wanavyoliita jeshi la King's African Rifles. Jeshi hilo liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha Uganda Rifles, East Africa Rifles na Central Africa Regiment, na askari wake walipigana kwenye mpaka wa Kagera katika Vita vya Kwanza vya Dunia na Burma katika vile vya pili. Waliorudi salama walijenga nyumba, wakatundika koti la jeshi ukutani, na vifungo vya koti hilo vikaanguka kimoja kimoja uani kwa muda wa miaka thelathini. Hapo ndipo anayeanza anapopaswa kuanzia.

Fungu la tatu ni la baada ya mwaka 1971: vita vya 1978 na 1979 kati ya Idi Amin na Tanzania vilivyopita Masaka, Mbarara na Lukaya hadi Kampala, vita vya msituni vya Luwero kati ya 1981 na 1986, na vile vya kaskazini vilivyofuata. Ushauri wangu kuhusu fungu hili ni mfupi: usitafute. Ni kweli kwamba mwezi Desemba 2012 Uganda ilitangaza kuwa imemaliza kusafisha maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu ya kutegwa ardhini, lakini tangazo hilo halikuhusu kila guruneti lililosahaulika shambani. Tena watu waliokufa katika vita hivyo wana ndugu walio hai, na baadhi yao walizikwa palepale walipoanguka.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Kigunduzi cha kawaida ambacho kinaweza kusawazishwa na udongo kwa mkono. Kisicho na uwezo huo usikinunue hata kikiwa cha bei rahisi, maana udongo wetu mwekundu wa moramu umejaa chuma na mashine itapiga kelele mpaka utakapoizima. Koili, yaani duara la mbele linalohisi metali, ya inchi 8 au 9 inatosha. Koili kubwa huona kina zaidi, lakini kwenye hame lenye misumari mingi huchanganya vitu viwili kuwa kimoja.
- Hedifoni. Sauti ya kifungo kidogo haisikiki penye upepo na majani ya migomba, na zaidi ya hayo, mlio unaosikika na kila mtu huita umati.
- Kigunduzi kidogo cha mkononi cha kuingiza ndani ya shimo.
- Mwiko imara. Jembe na sururu vibaki nyumbani.
- Kamba ya mita 50, vigingi vya mti na futi ya kupimia.
- Daftari na penseli, kwa sababu wino huyeyuka kwa jasho na mvua, pamoja na simu yenye kamera na uwezo wa kuonyesha mahali ulipo.
- Vifuko vidogo vya kufunga, glavu nene, maji ya kunywa, na viatu visivyo na chuma kwenye ncha. Anayevaa buti za kiwandani atakuwa akigundua vidole vyake siku nzima.

Kitu kinachosahaulika katika orodha kama hii ni karatasi. Uganda ina Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu za Kihistoria ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1967; kuchimbua vitu vya kale kunahitaji kibali, na vilivyogunduliwa vinapaswa kuripotiwa. Idara inayohusika na makumbusho na kumbukumbu iko chini ya wizara ya utalii, na mahali rahisi pa kuanzia ni Makumbusho ya Uganda kwenye barabara ya Kira mjini Kampala. Nenda na ramani ya hame, jina la mwenye ardhi na maelezo ya unachotaka kufanya, uulize kibali kinachokuhusu kabla ya kununua mashine. Pia kuna sheria ya silaha ya mwaka 1970, inayokataza kumiliki bunduki au risasi bila cheti, na askari polisi anayekuta risasi nzima mfukoni mwako hataanza kwa kukuuliza kama ni ya zamani.

Hatua za kazi

1. Anza na wazee. Usimwulize mzee mahali vita vilipopiganwa, kwa maana utapewa hadithi ya wilaya nzima na jioni itaingia. Mwulize jiko lilikuwa upande gani, njia ya kwenda kisimani ilipita wapi, takataka zilitupwa wapi, nani katika nyumba hiyo alikuwa askari, na familia ilihama mwaka gani. Mwulize pia makaburi yako wapi, na usiache kumwuliza hilo hata kama unadhani unajua. Nimejifunza kwamba bibi hujibu vizuri kuliko babu: yeye ndiye aliyefagia ua kila asubuhi, na anakumbuka upande uliokuwa ukilundikwa majivu. Andika majibu yote, kisha yalinganishe na ramani ya zamani ya kipimo cha 1:50,000 kama unaweza kuipata katika ofisi ya upimaji na ramani, Entebbe.

2. Pata ruhusa ya kila mwenye haki juu ya ardhi hiyo. Katika Buganda mwenye mailo, yaani mwenye hati ya ardhi, anaweza kuwa anaishi Kampala wakati mwenye kibanja, yaani mkaaji wa shamba, ndiye anayelima mihogo juu ya hame. Ukimwona mmoja na kumruka mwingine, utafukuzwa katikati ya kazi. Kwenye ardhi ya kimila, kama ilivyo sehemu kubwa ya kaskazini, mtu mmoja hawezi kukuruhusu peke yake, hivyo omba ruhusa mbele ya wakubwa wa ukoo. Baada ya hapo nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aandike barua yenye mhuri inayotaja majina, tarehe na eneo. Katika barua hiyohiyo mkubaliane kuhusu vitakavyopatikana: kipi kitabaki na familia, kipi kitapelekwa makumbusho, na kwamba hakuna kitakachouzwa. Mapatano ya mdomo huwa mazuri mpaka kitu cha kwanza chenye kung'aa kitoke ardhini.

3. Litembelee hame bila mashine. Acha kigunduzi nyumbani kwa makusudi, kwa sababu ukikibeba utakiwasha. Tafuta udongo mweusi wa majivu, vigae vya vyungu, jiwe la kusagia, mstari wa minyaa uliokuwa ua wa ng'ombe, miembe iliyopandwa kwa mstari. Angalia pia mimea ya mpaka na ya makaburini. Katika Buganda mmea wa luwanyi hupandwa kwenye mipaka na penye makaburi, na penye shaka uhesabu kuwa ni kaburi. Weka alama za mahali ambapo hutafika, ukiacha nafasi ya kutosha kulizunguka kila kaburi. Wakati mzuri wa kutembelea ni baada ya mavuno au baada ya matete kukatwa, na kama unaweza kuchagua, siku mbili au tatu baada ya mvua nyepesi, maana udongo wenye unyevu kidogo husaidia mashine na hauumizi mikono.

4. Gawanya eneo kwa kamba. Pigilia kigingi kimoja mahali pasipoweza kuhama, kwa mfano shina la mwembe au kona ya msingi wa nyumba, na kila kipimo kitokane na hapo. Vuta kamba mbili sambamba zenye nafasi ya mita moja na nusu kati yake. Hiyo ndiyo njia yako ya kwanza. Ukimaliza, ihamishe kamba moja uendelee. Wengi huiona hatua hii kuwa ya kupoteza muda, nao ndio wanaozungukazunguka wakipita mahali pamoja mara tano na pengine pasipitwe hata mara moja.

5. Sawazisha mashine na udongo. Tafuta kipande kisicho na metali, inua na kushusha koili kutoka kimo cha goti hadi karibu na ardhi, ukirekebisha mpaka sauti isibadilike. Punguza unyeti, yaani ukali wa mashine wa kuhisi vitu, badala ya kuuongeza. Kwenye moramu, unyeti wa juu huleta kelele nyingi kuliko vitu. Uchujaji wa chuma, yaani kuifanya mashine inyamazie chuma, usiuweke mkubwa, kwani unaweza kuficha kifungo kilicholala kando ya msumari. Ukihamia sehemu yenye udongo wa rangi nyingine, hata kama ni hatua ishirini tu, sawazisha upya.

6. Pitisha koili polepole. Iwe sentimita mbili au tatu juu ya ardhi, ikienda sambamba na uso wa ardhi bila kuinuliwa mwishoni kama mtu anayefyeka nyasi. Kila mpito upande nusu ya mpito uliotangulia. Ukimaliza njia zote, zungusha kamba robo duara na upite tena kwa kukata njia za kwanza, kwa sababu kitu kilichosimama wima au kilichofichwa na msumari huonekana upande mmoja na kupotea upande mwingine.

7. Amua kabla ya kuchimba. Mlio safi unaojirudia kutoka pande zote mbili mara nyingi ni shaba, shaba nyeupe au fedha. Mlio unaokatikakatika huwa ni chuma, kwa kawaida msumari au kipande cha bati. Kuna mlio wa tatu ambao anayeanza huufurahia kuliko yote, nao ni mpana, mzito, unaoendelea hata ukiinua koili hadi magotini. Huo ni wa chuma kikubwa. Pengine ni jembe bovu au sufuria, lakini pia ndiyo sauti ya kombora la mota. Mlio wa aina hiyo, mahali ambapo wazee hawawezi kukuhakikishia historia yake, uandike kwenye daftari na uupite.

8. Chimba kwa mwiko, usizidi sentimita 25. Kata udongo wenye nyasi kwa umbo la nusu duara na uufunue kama kifuniko, upande mmoja ukiwa umeshikilia mizizi. Weka udongo unaotoka juu ya gunia ili urudi wote shimoni. Anza kuchimba pembeni mwa mlio ukielekea katikati, maana mwiko unaoshuka moja kwa moja ndio unaokwaruza uso wa beji iliyokaa salama miaka themanini. Tumia kigunduzi kidogo mara kwa mara. Ikiwa kina kimefika na kitu hakijaonekana, simama na ufukie. Kilicho chini zaidi ya hapo kiko katika tabaka ambalo ni kazi ya mwanaakiolojia.

9. Andika kabla hujakiinua. Hatua hii nitaieleza kwa urefu, kwa sababu niliwahi kuidharau. Asubuhi moja nilitoa maganda zaidi ya arobaini kwenye hame moja na kuyatia yote katika ndoo, nikidhani nitayapanga nyumbani. Nyumbani nilikuta ni ya aina mbili, tena za enzi tofauti, na swali lililokuwa na maana lilikuwa moja tu: je, yalikuwa pamoja au kila aina ilikuwa upande wake? Kama yalikuwa mbalimbali, familia hiyo iliona mapigano mara mbili. Kama yalikuwa pamoja, huenda kulikuwa na mtoto aliyeyaokota kuchezea. Sikuwa na jibu, na ndoo haina kumbukumbu. Kwa hiyo, kitu kikiwa bado ndani ya shimo, kipige picha ukiweka futi na mshale wa kaskazini kando yake, pima umbali wake kutoka kwenye kigingi chako kwa pande mbili, pima kina, andika rangi ya udongo na kitu kingine chochote kilichokuwa jirani, hata kigae. Kipe namba. Andika namba hiyohiyo juu ya kifuko. Kazi yote huchukua dakika tatu.

10. Fukia, kanyaga, uondoke na takataka. Rudisha udongo, funika kwa nyasi zake, umwagie maji kidogo wakati wa kiangazi. Vizibo vya soda, vipande vya mabati na misumari ulivyovitoa viondoe kabisa, kwani mwenye shamba atakushukuru na wewe hutavigundua tena mwezi ujao.

Kusoma ulichokipata

Geuza ganda uangalie kitako chake. Ganda lenye ukingo uliotokeza kwenye kitako na urefu wa takriban milimita 56 ni la bunduki ya Kiingereza ya .303, iliyotumiwa tangu mwisho wa karne ya 19 hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mara nyingi utaona mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na ukiuona kati ya herufi R na L, lilitengenezwa Woolwich. Ganda nene lenye kitako cha karibu milimita 19 na shingo nyembamba ni la Martini-Henry, bunduki iliyotangulia. Lenye urefu wa milimita 57 lisilo na ukingo uliotokeza ni la Mauser ya Kijerumani, ambalo si ajabu kulipata upande wa Kagera. Ganda fupi la milimita 39, mara nyingi la chuma lililopakwa rangi, ni la AK. Ukilikuta hilo, umeingia fungu la tatu: zima mashine.

Mwaka uliogongwa kwenye kitako husema lini ganda lilitengenezwa, wala si lini lilifyatuliwa. Ganda la mwaka 1917 lingeweza kufyatuliwa mwaka 1917, au mwaka 1943, au na mwindaji wa nyati aliyepewa risasi za akiba. Watu wengi hukosea hapo, na nimesikia hadithi nzima za mapigano zikijengwa juu ya tarakimu mbili.

Gololi za madini ya risasi (plumbi) zenye kutu nyeupe ni za magobori, na marisau madogo yanaweza kuwa ya mwindaji wa juzi. Jiwe la gumegume lililochongwa pembe nne halitaliza mashine, lakini litazame kwenye udongo uliochimbwa, kwa maana askari wa gobori aliyelipoteza hakuwa mbali. Beji za Keya mara nyingi huwa na umbo la tarumbeta. Sarafu husaidia kuliko yote: senti zenye tundu katikati zilianza mwaka 1907, rupia zilitumika hadi 1920, kukaja florini kwa muda mfupi, kisha shilingi ya Afrika Mashariki kuanzia 1921. Heller za Kijerumani, zilizotengenezwa kati ya 1904 na 1916 na ndizo zilizotupa neno hela, zilivuka mpaka mifukoni mwa wachuuzi pamoja na askari, hivyo moja peke yake isikufanye utangaze kambi ya Wajerumani.

Medali ina desturi yake. Medali za Waingereza za Vita vya Kwanza mara nyingi huwa na namba, jina na kikosi kwenye ukingo. Ukipata jina, kitu hicho kina wenyewe, na pengine wanaishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Kipeleke kwao ukiwa na mwenyekiti, kabla ya kukionyesha mtu mwingine yeyote.

Kuhusu kusafisha, shaba ioshwe kwa maji na brashi laini ya meno, ikaushwe kivulini, basi. Limau, ukwaju, mchanga na waya wa kusugulia sufuria huondoa kutu ya kijani pamoja na maandishi yaliyo chini yake. Nina kifungo kimoja kinachong'aa kama dhahabu ambacho hakuna atakayejua kamwe kilikuwa cha batalioni gani. Chuma usikioshe. Kipanguse udongo, kikaushe, na ukihifadhi kwenye chombo kilichofungwa pamoja na vifuko vya silika vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Baada ya kushika vitu vya plumbi nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Ukikuta kisichopaswa kuguswa

Risasi nzima yenye ncha, guruneti, kombora, bati la duara lenye kifuniko, au kitu chochote cha chuma usichokitambua chenye mapezi au pini: usikiguse, usikimwagie maji, usikifukie, wala usikibebe kumwonyesha mtu. Rudi nyuma ukikanyaga nyayo zako mwenyewe. Ukiwa mbali, weka alama inayoonekana, mwache mtu mzima azuie watoto, kisha mwarifu mwenyekiti na polisi ili wataalamu wa mabomu waitwe. Kazi kwenye hame hilo imekwisha kwa siku hiyo na kwa siku zitakazofuata, mpaka watakapokuambia vinginevyo. Kutu haipunguzi hatari ya kitu kama hicho. Mara nyingi huongeza.

Mifupa, meno au kipande cha sanda navyo husimamisha kazi. Funika kwa udongo uleule, mwite mwenye ardhi na mwenyekiti, na uwaachie familia na polisi waamue.

Matatizo ya kawaida

*Mashine inalia kila mahali.* Punguza unyeti, sawazisha tena, toa simu mfukoni uiweke mbali, na uangalie kama kuna nyaya za umeme juu yako. Ikiwa kelele inakufuata hata koili ikiwa hewani, kagua betri na waya wa koili. Ikiwa inanyamaza hewani na kulia ardhini, tatizo ni udongo. Tembeza koili polepole zaidi na uinue sentimita mbili.

*Mlio umepotea baada ya kuchimba.* Kitu kimo kwenye udongo ulioutoa. Pekua gunia kabla ya kuendelea na shimo. Kama hakimo huko pia, huenda lilikuwa jiwe la moramu lenye chuma kingi, ambalo hulia likiwa ardhini na kunyamaza likigeuzwa.

*Napata misumari na mabati tu.* Uko juu ya paa lililoanguka. Sogea kuelekea njia ya kisimani au chini ya mti mkubwa wa kivuli, mahali ambapo watu walikaa, walivua makoti na kuhesabu fedha. Jalala la zamani ni zuri pia, ila linahitaji uvumilivu na uchujaji mdogo.

*Namba ambayo mashine huonyesha kwenye kioo chake inabadilikabadilika.* Kitu kimelala upande, au ni viwili. Zunguka robo duara na upite tena. Namba ikitulia upande mmoja, chimba kutoka upande huo.

*Watu wamekusanyika na wanasema natafuta dhahabu.* Hili litatokea, na wengine watataja mali iliyofichwa na Wajerumani hata kama Mjerumani hakuwahi kufika kijiji hicho. Usikasirike na usikimbie, kwani anayekimbia amekiri. Vua hedifoni, mpe mtoto mmoja asikilize msumari na kizibo cha soda, onyesha barua yenye mhuri. Jioni, kabla ya kupanda bodaboda, pitia kwa mwenyekiti, umwage mfuko wote juu ya meza yake, hesabuni pamoja, naye atie sahihi kwenye daftari lako.